Dhana ya "Chama cha Tatu" katika Siasa za Marekani: Kanuni ya Kura na Mlango wa Mchujo

1.0 Utangulizi

Mwezi Julai mwaka 2025, tajiri Elon Musk alitangaza kwamba anaanzisha chama kipya cha siasa nchini Marekani, baada ya kukosana na Rais Donald Trump ambaye yeye mwenyewe alikuwa amemgharimia sana katika uchaguzi wa mwaka 2024. Tangazo hilo liliamsha tena swali la siku nyingi: je, chama kilicho nje ya vile viwili vikubwa, Democratic na Republican, kinaweza kufanikiwa katika nchi hiyo? Haja inaonekana ipo. Katika kura ya maoni iliyoendeshwa na shirika la Gallup mwaka 2023, asilimia 63 ya waliohojiwa walisema kwamba vyama viwili vilivyopo haviwawakilishi wananchi ipasavyo na kwamba chama kikubwa cha tatu kinahitajika. Hata hivyo, tangu mwaka 1852 hakuna aliyechaguliwa kuwa Rais ila ametokana na kimojawapo cha vyama hivyo viwili.

Pengo hilo kati ya matakwa na matokeo ndilo linalohitaji kuelezwa. Jibu lililozoeleka ni kwamba kosa ni la kanuni ya kuhesabu kura. Makala haya yanakubali kwamba jibu hilo ni la kweli, lakini yanadai kwamba ni nusu tu ya jibu. Nusu ya pili imo katika namna chama chenyewe kilivyo nchini Marekani, na nusu hii aghalabu humpita msomaji wa Kiswahili kwa sababu istilahi anazozitumia zimebeba historia nyingine.

2.0 Chama, kadi na kura za maoni

Neno "chama" lina umri mkubwa kuliko siasa za vyama. Kabla ya kutumika kwa TANU (1954) na Afro-Shirazi (1957) lilikuwa tayari likitumika kwa vyama vya ngoma, vya kuzikana na vya ushirika. Katika matumizi hayo yote chama ni kundi lenye mipaka: mtu hujiunga, hulipa ada, hupewa kadi, na akikosea huonywa au hufukuzwa. Ndiyo maana msemo "kurudisha kadi" unatosha peke yake kueleza kwamba mtu amehama. Sheria nayo imefuata mkondo huo huo. Katika Tanzania mgombea sharti apendekezwe na chama, na mbunge anayekoma kuwa mwanachama wa chama kilichompeleka bungeni hupoteza kiti chake.

Mmarekani hana kadi ya kurudisha. Katika majimbo mengi yeye huandika tu, katika daftari la wapiga kura linalotunzwa na jimbo na wala si na chama, kwamba anajinasibisha na Democratic au Republican. Katika majimbo mengine hata maandishi hayo hayapo. Hakuna kamati ya tawi inayoweza kumwita na kumfuta. Akiamua kesho kugombea kiti kwa jina la chama hicho, viongozi wanaweza kumchukia na kumnyima fedha, lakini kwa kawaida hawawezi kumzuia asisimame.

Tatizo la pili liko katika "kura za maoni". Katika Kiswahili cha Tanzania msemo huu hubeba maana tatu: uchunguzi wa maoni ya watu, kama ule wa Gallup uliotajwa hapo juu; kura ya wananchi wote juu ya jambo moja; na upigaji kura ndani ya chama kabla ya uteuzi wa mgombea. Ni maana ya tatu inayohusika hapa. Neno "maoni" limechaguliwa kwa haki kabisa, kwani katika mazoea ya Tanzania wanachama hutoa maoni, kisha vikao vya juu huamua, na aliyeongoza anaweza kuachwa. Nchini Marekani kura hiyo haitoi maoni, bali huamua. Huendeshwa na serikali ya jimbo, kwa sheria ya jimbo, na anayeshinda ndiye mgombea hata kama uongozi wote wa chama haumtaki. Kwa sababu hiyo msemo "kura za mchujo", unaosikika zaidi Kenya, unafaa zaidi kwa jambo la Marekani, nao ndio unaotumika katika makala haya.

Ama "cha tatu" chenyewe si namba halisi. Karatasi moja ya kura inaweza kuwa na vyama vitano, na vitatu kati yake vyote vikaitwa "vya tatu". Maana ya msemo huo ni "kilicho nje ya viwili". Na mgombea wa chama kama hicho Kiingereza cha Marekani humpa jina lenye maana ya mharibifu, neno ambalo haliwezi kufasiriwa moja kwa moja, kwani "kura iliyoharibika" kwa Kiswahili ni kura isiyohesabiwa. Tusi hilo, maana kwa hakika ni tusi, linadokeza kwamba kura zina wenyewe na kwamba huyu amekuja kuziiba.

3.0 Kanuni ya kura na mipaka yake

Mwaka 1951 mwanazuoni wa Kifaransa Maurice Duverger alieleza kwamba kanuni ya kumpa ushindi anayeongoza kwa kura katika eneo la uchaguzi lenye kiti kimoja huelekea kuzalisha vyama viwili. Sababu zake ni mbili. Kwanza, kanuni hiyo hukiadhibu chama ambacho kura zake zimetawanyika. Pili, mpiga kura akishaona adhabu hiyo huogopa kuipoteza kura yake, naye hukimbilia kwa yule anayemchukia kidogo kati ya wawili wenye nafasi.

Historia ya Marekani inaithibitisha sababu ya kwanza kwa mifano iliyo wazi. Mwaka 1992 Ross Perot, akigombea bila chama, alipata karibu asilimia 19 ya kura za nchi nzima na kushika nafasi ya pili katika majimbo ya Maine na Utah. Hakuambulia hata mjumbe mmoja wa uchaguzi, kwa kuwa karibu kila jimbo humpa aliyeongoza wajumbe wake wote. Miaka 44 kabla yake Strom Thurmond, aliyekuwa akitetea ubaguzi wa rangi, alipata asilimia 2.4 tu, na bado akatoka na wajumbe 39, kwa sababu kura zake zote zilikuwa zimerundikana Kusini. Katika uchaguzi huo huo wa mwaka 1948 Henry Wallace alipata asilimia 2.4 pia, lakini zikiwa zimetawanyika, hakupata mjumbe. Ni vigumu kupata jaribio safi zaidi katika taaluma ambayo haina maabara.

Sababu ya pili ilipata ushahidi wake mwaka 2000. Katika jimbo la Florida George W. Bush alimshinda Al Gore kwa kura 537. Ralph Nader wa chama cha Green alikuwa na kura 97,488 katika jimbo hilo hilo. Nader alikataa daima kwamba kura hizo zilikuwa mali ya Gore, na kimantiki hoja yake ilikuwa na uzito. Wapiga kura hawakuisikiliza: mwaka 2004 aliporudi kugombea sehemu yake ya kura ilishuka kutoka asilimia 2.7 hadi chini ya asilimia 1.

Licha ya hayo, kanuni ya Duverger haitoshi. Uingereza na Kanada hutumia kanuni hiyo hiyo ya kura, na zote zina vyama vya tatu, vya nne na zaidi. Katika uchaguzi wa Uingereza wa mwaka 2024 Liberal Democrats walipata viti 72. Nchini Kanada, mwaka 2011, chama cha New Democratic kilipata viti 103 na kuwa chama kikuu cha upinzani. Basi lazima pawepo jambo jingine.

Jambo mojawapo ni urais wenyewe. Kiti hiki kimoja huvuta siasa zote kuelekea kambi mbili, tena hakitolewi kwa anayeongoza tu. Mgombea sharti apate zaidi ya nusu ya wajumbe wa uchaguzi, yaani 270 kati ya 538. Akikosekana wa kufikisha idadi hiyo, Baraza la Wawakilishi huchagua kati ya watatu walioongoza, na kila jimbo hupiga kura moja. Mara ya mwisho Rais kupatikana kwa njia hii ilikuwa uchaguzi wa mwaka 1824. Ina maana kwamba mgombea wa tatu akifanya vizuri kiasi cha kuwazuia wawili wale, anachofanikiwa kufanya ni kuupeleka uamuzi katika chumba ambamo karibu kila aliyeketi ni wa vyama hivyo viwili.

4.0 Nani huchapa karatasi ya kura

Wanaotaka kuthibitisha kwamba chama kipya kinaweza kushinda hutaja mfano mmoja tu, nao ni chama cha Republican. Mwaka 1854 Sheria ya Kansas na Nebraska ilifungua nchi za magharibi kwa utumwa, na mikutano ya hasira ikafanyika Wisconsin, Michigan na kwingineko. Mwaka 1856 chama kilichozaliwa katika mikutano hiyo kilipata theluthi moja ya kura za urais. Mwaka 1860 Abraham Lincoln alichaguliwa kuwa Rais kwa kura zisizofika asilimia 40, dhidi ya wapinzani watatu. Miaka sita ilitosha.

Mfano huu ni wa kweli, lakini husimuliwa nusu. Kwanza, Republican hakikupenya kati ya vyama viwili vyenye nguvu. Kilikalia kiti kilichokuwa kinaachwa wazi. Chama cha Whig kilikuwa kimeshinda katika majimbo manne tu mwaka 1852, kisha kikapasuka kati ya Kaskazini na Kusini juu ya suala la utumwa, suala ambalo halikuwa na njia ya katikati. Pili, na hili hutajwa mara chache, wakati huo serikali hazikuchapisha karatasi za kura. Kila chama kilichapa karatasi zake, mara nyingi katika mtambo wa gazeti lililokiunga mkono, na mpiga kura aliitumbukiza sandukuni mbele ya macho ya watu. Aliyekuwa na mtambo wa kuchapia na vijana wa kugawa karatasi alikuwa tayari na chama.

Kuanzia mwaka 1888 majimbo yaliingiza utaratibu uliotoka Australia: karatasi moja, iliyochapwa na serikali, inayopigiwa kura kwa siri. Yalikuwa mageuzi mema, yaliyopunguza ununuzi wa kura na vitisho. Lakini serikali ikishachapa karatasi, serikali ndiyo inayoamua jina la nani lichapwe, na serikali za majimbo zilikuwa mikononi mwa vyama viwili. Kufikia mwaka 1968 jimbo la Ohio lilikuwa linakitaka chama kipya kilete saini zinazofikia asilimia 15 ya kura zilizopigwa katika uchaguzi uliotangulia wa gavana; ilibidi Mahakama ya Juu ya nchi iifute sheria hiyo. Leo masharti yamelegea, lakini ni ya majimbo 50 na kila moja lina lake, na chama kipya hutumia fedha za kampeni kukusanya saini kabla ya kampeni kuanza. Yapo mambo ya kuchekesha katika historia, kama si ya kuliza: chama cha wakulima cha People's Party, katika mkutano wake wa Omaha mwaka 1892, kilipitisha azimio la kudai kura hiyo hiyo ya siri. Miaka michache baadaye sheria za karatasi rasmi zilitumika katika majimbo mengi kuzuia mtu mmoja asisimamishwe na vyama viwili, na kwa kufanya hivyo zikakata mshipa uliokuwa unakilisha chama hicho.

5.0 Mlango wa mchujo

Hapa ndipo hoja ya sehemu ya 2.0 inaporudi. Karatasi ya kura ilipokuwa inafungwa kwa nje, mlango mwingine ulifunguliwa ndani. Mwanzoni mwa karne ya 20 majimbo, Wisconsin likiwa miongoni mwa ya kwanza kwa sheria ya mwaka 1903, yaliwanyang'anya wakuu wa vyama kazi ya kuteua wagombea na kuwapa wapiga kura kwa njia ya mchujo. Tangu hapo mwasi ana uchaguzi kati ya kujenga nyumba mpya na kuingia katika iliyopo ambayo haina kufuli.

Wakulima wa North Dakota waliliona hili mapema kuliko wataalamu. Mwaka 1915 Arthur Townley, aliyekuwa mhamasishaji wa chama cha Kisoshalisti, aliacha kuwaomba wakulima waingie katika chama kisichoweza kushinda. Aliunda Nonpartisan League, jumuiya isiyokuwa chama, iliyowapeleka watu wake katika mchujo wa Republican. Mwaka 1916 mgombea wao alichaguliwa kuwa gavana. Mwaka 1919 jimbo lilianzisha benki yake lenyewe, ambayo ingali ikifanya kazi hadi leo; kinu cha unga cha jimbo kikafuata. Madai ya kisoshalisti yalitekelezwa chini ya jina la Republican. Katika jimbo jirani la Minnesota jumuiya hiyo hiyo ilijaribu mlango huo huo mwaka 1918 ikashindwa. Ni huko, palipokataa kufunguka, ndiko kilikozaliwa chama cha tatu cha kweli, Farmer-Labor, kilichopata maseneta na, mwaka 1930, gavana. Mwaka 1944 kiliungana na Democratic. Watu walikuwa wa aina moja na madai yao yalikuwa yale yale. Kilichotofautiana ni mlango.

Miaka ya karibuni imerudia somo hilo. Mwaka 1999 Donald Trump alianza kutafuta uteuzi wa chama cha Reform, kilichoasisiwa na Perot, akajitoa mwezi Februari mwaka 2000 bila kuacha alama. Mwaka 2016 mtu huyo huyo aliingia katika mchujo wa Republican, akaupata uteuzi bila hata kufikisha nusu ya kura za mchujo, na akawa Rais. Bernie Sanders, aliyechaguliwa seneta bila chama, alipotaka urais mwaka 2016 na 2020 aligombea katika mchujo wa Democratic. Vuguvugu la Tea Party, lililoanza mwaka 2009, lilikuwa na neno la Kiingereza lenye maana ya chama ndani ya jina lake, lakini jina hilo lilitokana na chai iliyomwagwa bandarini Boston mwaka 1773. Lilifanya kazi kubwa zaidi katika mchujo wa Republican.

Msomaji wa Afrika Mashariki ana mfano ulio karibu naye zaidi. Zohran Mamdani, mzaliwa wa Kampala na mwana wa Mahmood Mamdani aliyewahi kufundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ni msoshalisti. Mwezi Juni 2025 alishinda mchujo wa Democratic wa umeya wa New York dhidi ya Andrew Cuomo, gavana wa zamani wa jimbo hilo. Cuomo alisimama tena mwezi Novemba nje ya chama, akashindwa tena. New York ni mojawapo ya majimbo machache yanayoruhusu bado mgombea mmoja kusimamishwa na vyama viwili, hivyo jina la Mamdani lilionekana mara mbili katika karatasi, kwa Democratic na kwa Working Families. Chama hicho kidogo hakikulazimika kumpinga mkubwa wala kumezwa naye.

Linganisha na Uingereza. Mwaka 1981 mawaziri wa zamani wanne waliokata tamaa na Labour hawakuwa na mchujo wa kuwarudisha; walitoka, wakaunda chama, na mwaka 1983 muungano wao na Liberal ukapata zaidi ya asilimia 25 ya kura, na viti 23 tu. Kanuni ya kura iliwaadhibu kama ambavyo ingewaadhibu Marekani. Tofauti ni kwamba walilazimika kutoka, na uzao wa muungano huo ndio Liberal Democrats waliotajwa katika sehemu ya 3.0.

Inawezekana kupinga kwamba kura za vyama vidogo zilipungua zaidi wakati wa Franklin Roosevelt, Democratic kilipoyachukua madai ya wafanyakazi, na kwamba mchujo haukuhusika. Pingamizi hili lina nguvu, na tarehe zinaliunga mkono kwa sehemu. Lakini chama huweza kuyachukua madai ya wengine kwa urahisi pale wenye madai wanapoweza kuingia nayo wenyewe, na wakulima wa North Dakota walifanya hivyo kabla Roosevelt hajawa Rais.

6.0 Namna nyingine za kufanikiwa

Iwapo kufanikiwa ni kutwaa urais, basi chama kipya hakina budi kungoja mambo mawili kwa pamoja: suala lisilo na njia ya katikati, kama utumwa, na chama kikubwa kinachokufa. Fedha haziwezi kuyanunua. Perot alikuwa nazo, na Musk anazo zaidi.

Iwapo kufanikiwa ni madai kutekelezwa, picha ni nyingine. People's Party kilipata kura za wajumbe 22 mwaka 1892, kikamkubali mgombea wa Democratic mwaka 1896, kikafifia. Kodi ya mapato na uchaguzi wa maseneta kwa kura za wananchi, ambayo yote yalikuwa miongoni mwa matakwa yake ya Omaha, yaliingia katika katiba mwaka 1913. Waliokidharau walikuwa wameshayafanya kuwa yao.

Njia ya tatu ni kuibadili kanuni yenyewe. Maine, kwa kura ya wananchi ya mwaka 2016, liliwaruhusu wapiga kura kupanga wagombea kwa daraja, ili aliyempa wa kwanza mgombea mdogo asiipoteze kura yake. Alaska lilifuata mwaka 2020, likaenda mbali zaidi kwa kuufuta mchujo wa vyama na kuwapeleka wagombea wanne wa kwanza, wa chama chochote, katika uchaguzi mkuu. Utaratibu huu unaondoa hofu aliyoieleza Duverger. Lakini hadi sasa waliofaidika Alaska ni wanasiasa wa vyama vikubwa waliogombana na wenzao, mfano Seneta Lisa Murkowski wa Republican aliyerudi mwaka 2022, na si chama kipya. Mwaka 2024 wapiga kura wa Colorado, Idaho, Nevada na Oregon walikataa mapendekezo ya kupanga wagombea kwa daraja, na Alaska lenyewe lilinusurika kulifuta lake kwa tofauti isiyofikia kura 1,000.